Mbachao na Msala Upitao: Kuhuisha au Kubadilisha Tarakilishi Kongwe

1.0 Utangulizi

Katika ofisi nyingi za vyama vya wanafunzi huwapo tarakilishi moja ya mezani, kongwe, iliyofunikwa kwa kitambaa ili vumbi lisiiingie. Mhariri akiiwasha, hupata muda wa kwenda kununua chai na kurejea kabla kiwambo hakijatulia. Akifungua faili ya makala, kishale huganda. Akibonyeza tena kwa pupa, mashine nzima hunyamaza. Hapo ndipo mjadala hufumuka. Kundi moja la wanachama hudai mashine itupwe na nyingine inunuliwe kwa ada zilizochangwa. Kundi la pili hushikilia kuwa fundi aitwe. Kila kundi huwa na methali yake mkononi. Wanaotaka kuhuisha hunena: usiache mbachao kwa msala upitao. Wanaotaka kubadilisha hujibu: sikio la kufa halisikii dawa.

Makala haya yanashikilia kuwa methali zote mbili ni za kweli, ila haziwezi kuifaa mashine moja kwa wakati mmoja. Kinachoamua ni ipi itumike si umri wa mashine wala hasira ya mtumiaji, bali ni uchunguzi. Kwa hivyo swali la kwanza kuulizwa katika mkutano wa chama lisiwe la kununua au kutonunua. Liwe hili: ni sehemu gani ya mashine inayozichelewesha sehemu nyingine zote? Asiyelijibu swali hili huenda akatumia fedha za wanachama kutibu kiungo kisichougua, au akazika mgonjwa ambaye angepona kwa dawa ndogo.

2.0 Kiini cha Uzoroto

Ili uchunguzi ueleweke, yafaa kwanza kufafanua kazi ya sehemu tatu kuu. Mfano wa maktaba unaweza kusaidia. Prosesa ni msomaji. Kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi na wauzaji wote huiita RAM, ni meza anayosomea. Diski kuu ni ghala ambamo vitabu vyote huhifadhiwa. Msomaji awe hodari kiasi gani, hatasoma upesi ikiwa meza yake ni finyu hata kila kitabu kipya kinamlazimu kurudisha kingine ghalani, na ikiwa mhudumu wa ghala anatembea kwa mkongojo.

Katika tarakilishi nyingi kongwe, mhudumu wa mkongojo ndiye chanzo cha matatizo. Diski kuu ya zamani imeundwa kwa sahani zinazozunguka, na kichwa kinachosogea juu yake kutafuta data. Diski ya kawaida ya tarakilishi ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 8.3. Ukijumlisha na muda wa kichwa kusogea, kila ombi la data lililotawanyika huchukua milisekunde kumi hivi au zaidi. Diski ya aina mpya, iitwayo SSD, haina sahani wala kichwa. Data yake hukaa katika chipu, na ombi kama hilo hutimizwa kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Tofauti hiyo ni ya mara mia moja hivi. Maadamu kuwasha mashine na kufungua programu huhitaji maelfu ya maombi madogo madogo, si ajabu kuwa mtumiaji huihisi tofauti hii kuliko nyingine yoyote.

Aidha, ugonjwa wa meza na ugonjwa wa ghala huambatana. Kumbukumbu ya muda inapojaa, mfumo endeshi huanza kutumia sehemu ya diski kana kwamba ni kumbukumbu. Hapo mashine yenye RAM haba na diski ya sahani huteseka maradufu: meza imejaa, na kila kinachoondolewa mezani hupelekwa na kuletwa na yule yule mwenye mkongojo.

Ni muhimu kutaja kuwa prosesa haizeeki kama goti la mwanadamu. Ile iliyofanya kazi kwa kasi fulani mwaka 2012 ina uwezo wa kufanya kazi kwa kasi iyo hiyo sasa. Kilichobadilika ni mzigo. Kurasa za intaneti zimekuwa nzito, programu zimeongezeka uzito, na mashine yenyewe imerundikiwa programu nyingi zinazojiwasha pamoja nayo bila mwenyewe kujua. Kando na hayo, vumbi huziba feni. Prosesa inapopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi kwa makusudi ili isiungue. Mashine ya namna hii haihitaji kununuliwa chochote ila kusafishwa.

3.0 Hifadhi Kabla ya Tiba

Kabla ya bisibisi kugusa mashine, kuna jambo moja lisiloweza kuahirishwa, nalo ni kunakili kazi zote. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Tarakilishi ya chama huenda ndiyo iliyobeba matoleo yote ya jarida yaliyotangulia, rasimu za tasnifu, na rekodi za nyanjani: sauti za manju, za wasimulizi wa ngano, na za wakongwe waliokariri tenzi kwa kichwa. Baadhi ya wazee hao wamekwisha kufariki. Fundi anaweza kuuza diski nyingine, lakini hana duka linalouza sauti ya mzee aliyekwisha kuzikwa.

Kanuni ya kufuatwa ni nyepesi. Kila faili muhimu iwe na nakala tatu: moja katika mashine, ya pili katika diski ya nje, na ya tatu mahali pengine kabisa, kama vile hifadhi ya mtandaoni au diski inayowekwa jengo jingine. Nakala mbili zilizo katika chumba kimoja huibwa kwa usiku mmoja na huungua kwa moto mmoja. Baada ya kunakili, faili kadhaa zifunguliwe katika mashine nyingine ili kuthibitisha kuwa kilichonakiliwa kinasomeka. Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Iwapo diski inatoa sauti ya kugonga-gonga, au faili zinakataa kufunguka, uchunguzi mwingine wote usubiri. Kila dakika ambayo diski ya namna hiyo inaendelea kuzunguka huenda ikawa ya mwisho, hivyo kazi ya kwanza na ya pekee iwe kuokoa data.

4.0 Hatua za Uchunguzi

Uchunguzi unaopendekezwa hapa hauhitaji utaalamu mkubwa, na gharama yake ni muda.

Kwanza, mashine ichunguzwe inapofanya kazi. Katika mfumo wa Windows, vibonye vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha matumizi ya prosesa, kumbukumbu na diski kwa asilimia. Faili iliyozoea kuchelewa ifunguliwe huku dirisha hilo likitazamwa. Diski ikiwa imefika asilimia 100 ilhali prosesa iko chini ya 20, mshukiwa amepatikana. Kumbukumbu ikiwa juu ya 90 kila mara, meza ni finyu. Prosesa ikiwa 100 kwa muda mrefu hata katika kazi nyepesi, ama kuna programu iliyokwama, ama kuna kirusi, ama uwezo wa mashine umefika kikomo.

Pili, programu zinazojiwasha zenyewe zipunguzwe, na kirusi kitafutwe. Tarakilishi ya chama huchomekwa flashi za watu wengi, na kila flashi imepita mashine nyingine nyingi. Mashine isiyopimwa kirusi haijachunguzwa.

Tatu, afya ya diski isomwe. Diski huweka rekodi ya hali yake yenyewe, iitwayo SMART, na zipo programu za bure kama CrystalDiskInfo zinazoisoma. Ikionyesha kuwa sehemu nyingi zimeharibika na kuhamishwa, diski hiyo isiaminiwe tena.

Nne, mashine izimwe, ichomolewe kwenye umeme, na ifunguliwe. Vumbi lipeperushwe. Kisha ubao mkuu uangaliwe kwa makini. Juu yake kuna vijikebe vidogo vya mviringo vinavyohifadhi chaji ya umeme. Vikiwa bapa juu, ni salama. Vikiwa vimefura au vimevuja majimaji ya kahawia, ubao huo umo njiani kufa. Kasoro hii ilienea sana katika mashine zilizoundwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika miji ya pwani kama vile Mombasa, Malindi na Lamu, kutu inayoletwa na hewa ya chumvi nayo itafutwe kwenye viungio vya chuma.

Tano, saa ya mashine itazamwe. Ikirudi nyuma miaka mingi kila mashine inapowashwa, betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mkuu, kwa kawaida aina ya CR2032, imeisha. Tarehe ikiwa na makosa, tovuti nyingi salama hukataa kufunguka, na mtumiaji hudhani kuwa mashine yote imeharibika. Betri hiyo ni miongoni mwa sehemu za bei ya chini kabisa, na zimekuwako mashine zilizotupwa kwa sababu yake.

5.0 Mashine Mbili, Dalili Moja, Hukumu Mbili

Ili kuonyesha jinsi uchunguzi unavyoongoza uamuzi, ichukuliwe mifano miwili. Mashine zote mbili huchukua zaidi ya dakika tano kuwaka, na zote huganda faili kubwa inapofunguliwa. Mtumiaji anayetazama dalili pekee atazihukumu sawa.

Mashine ya kwanza ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka 2012, RAM ya gigabaiti 4 aina ya DDR3, na diski ya sahani. Uchunguzi unaonyesha diski ikiwa asilimia 100 na prosesa ikipumzika. Ubao mkuu ni safi. Hukumu hapa ni kuhuisha. Diski ya sahani iondolewe na SSD iwekwe mahali pake, na RAM iongezwe ifike gigabaiti 8. Mashine hii itawaka kwa muda usiofika dakika moja, na itamudu uchapaji, uhariri, upangaji wa kurasa na utafutaji wa makala mtandaoni. Diski ya zamani, ikiwa na afya, ifanywe ghala la nakala. Huyu ndiye mbacha usiofaa kuachwa.

Mashine ya pili ina prosesa ya Core 2 Duo ya mwaka 2008, RAM ya gigabaiti 2 aina ya DDR2, na vijikebe vitatu vilivyofura kwenye ubao mkuu. Hujizima yenyewe bila taarifa. RAM ya DDR3 haiingii katika nafasi ya DDR2, kwani pengo la kila aina limekatwa mahali tofauti. Kwa hivyo kumbukumbu yoyote itakayonunuliwa kwa ajili yake haitaweza kuhamishiwa mashine ya kisasa. Kubadilisha ubao mkuu nako kunadai prosesa nyingine na RAM nyingine, na hapo kinachobaki cha zamani ni sanduku tu. Hukumu hapa ni kubadilisha. Sikio hili halisikii dawa.

Hata hivyo, kubadilisha mashine si kutupa kila kitu. Kiwambo, kibodi, kipanya na nyaya hutumika tena. SSD iliyokwisha kununuliwa nayo huhamishika. Kwa sababu hiyo, chama chenye shaka kinaweza kuanza na SSD bila hofu kubwa, maana fedha hizo hazizikwi pamoja na mashine.

6.0 Mizani ya Gharama

Baada ya uchunguzi huja hesabu. Kigezo kinachofaa ni cha nusu: gharama ya jumla ya sehemu na fundi ikizidi nusu ya bei ya mashine nyingine iliyo katika hali nzuri, kuhuisha kutiliwe shaka. Tuseme mashine nyingine inauzwa shilingi 20,000, na SSD, RAM na fundi kwa pamoja ni shilingi 7,000; mizani inaegemea kuhuisha. Gharama ikifika 13,000, inaegemea kubadilisha. Takwimu hizi ni za mfano tu. Kila chama kiulize bei katika maduka yasiyopungua matatu, na mweka hazina aziandike kwenye kumbukumbu za mkutano.

Anayeamua kununua mashine iliyokwisha kutumika hana budi kujihadhari na majina. Muuzaji hutamka "i5" au "i7" kana kwamba herufi hiyo na tarakimu moja zinatosha. Hazitoshi. Katika majina ya prosesa hizo, tarakimu zinazofuata kistari ndizo zinazotaja kizazi: i5-3470 ni ya kizazi cha tatu, i5-8500 ni ya nane, i5-10500 ni ya kumi. Prosesa ya i7-2600, ya mwaka 2011, ina jina kubwa kuliko i3-8100, lakini mfumo wa Windows 11 huikubali rasmi ya pili na kuikataa ya kwanza. Mnunuzi aombe mashine iwashwe mbele yake, asome jina kamili la prosesa, aulize aina ya diski, na apewe risiti yenye muda wa dhamana. Rahisi huwa ghali pale ambapo risiti haipo.

7.0 Suala la Mfumo Endeshi

Kuna mashine ambazo mwili wake ni mzima ila mfumo wake umeachwa na watengenezaji. Huduma ya Windows XP ilikoma tarehe 8 Aprili 2014, ya Windows 7 ikakoma tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ikakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo usiopata marekebisho ya usalama huendelea kufanya kazi, ila ni nyumba yenye mlango usiofungika. Windows 11 nayo hudai RAM isiyopungua gigabaiti 4, hifadhi isiyopungua gigabaiti 64, na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel, kwa kawaida hukubali kizazi cha nane kwenda mbele. Mashine ya kwanza katika mfano wetu haitimizi masharti hayo.

Je, itupwe kwa sababu hiyo? La. Mifumo huria ya Linux ipo, na ni ya bure. Linux Mint, mathalani, huhitaji RAM ya gigabaiti 2, ingawa 4 ndizo zinazopendekezwa. Programu ya LibreOffice hufanya kazi za uchapaji. Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya ziada ya kuzithamini programu huria: mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo wa programu hiyo ulikuwa wazi kwa yeyote kuutafsiri.

Tahadhari moja ni ya lazima. Faili iliyopangwa katika programu moja yaweza kuvurugika mpangilio ikifunguliwa katika nyingine. Hivyo basi, kabla ya kuhama, mfumo mpya ujaribiwe kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, na toleo zima la jarida lifunguliwe humo ukurasa kwa ukurasa. Chama kinachotegemea programu ya kupanga kurasa isiyopatikana katika Linux kitakuwa na hoja halali ya kubadilisha mashine, hata kama mashine yenyewe ni nzima.

8.0 Hatima ya Mashine Iliyoachwa

Uamuzi haukamiliki bila kuulizwa mashine kongwe itakwenda wapi. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, wakiwamo Ruediger Kuehr na Eric Williams, walieleza kuwa kuunda tarakilishi moja ya mezani pamoja na kiwambo chake cha inchi 17 kulihitaji angalau kilo 240 za fueli za kisukuku, kilo 22 za kemikali, na tani 1.5 za maji. Kila mwaka ambao mashine huongezewa maishani ni mwaka ambao gharama hiyo hailipwi upya na mazingira.

Mashine isiyofaa tena isirundikwe darini wala isitupwe jalalani. Vioo vya viwambo vya zamani vyenye mgongo vina risasi, na kuchoma nyaya ili kupata shaba hutoa moshi wenye sumu, ambao huvutwa kwanza na watoto na vijana wanaookota taka. Nchini Kenya yapo mashirika yanayopokea taka za kielektroniki, kama vile WEEE Centre jijini Nairobi. Kabla ya kukabidhi mashine, diski yake ifutwe kikamilifu kwa programu maalumu au itolewe na kuhifadhiwa, kwa kuwa kufuta faili kwa kawaida hakuondoi maandishi yake.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa uzoroto wa tarakilishi ni dalili, na dalili moja yaweza kuwa na vyanzo vingi. Mashine iliyo nzima ubaoni, inayolemewa na diski ya sahani na RAM haba, ihuishwe. Iliyooza ubaoni, au isiyoweza kupokea sehemu za kisasa, ibadilishwe. Iliyojaa vumbi na virusi isafishwe kwanza, kisha ihukumiwe. Na katika hali zote tatu, nakala zitangulie. Chama kinachofuata utaratibu huu kitaweza kuwaeleza wanachama wake jinsi kila shilingi ilivyotumika, na rekodi za wakongwe zitaendelea kusikika hata mashine iliyozihifadhi ikiwa imekwisha kwenda zake.

Maswali ya Mjadala

1. Tarakilishi ya chama chenu huchukua muda gani kuwaka? Fanya uchunguzi wa hatua tano, kisha ueleze ni sehemu gani inayozichelewesha nyingine.

2. Ni kazi zipi za chama ambazo nakala yake iko mahali pamoja tu? Andaa ratiba ya kuzinakili.

3. Jadili istilahi za Kiswahili unazozijua za RAM, diski kuu, prosesa na ubao mkuu. Ni zipi ambazo fundi wa mtaani atazielewa bila kufafanuliwa, na kwa nini?